Barua ya Mueda na risasi za Chai: namna manung'uniko ya Msumbiji yalivyogeuka vita vya uhuru

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila tunapozungumzia ukombozi wa Msumbiji, masimulizi huruka kutoka mauaji ya Mueda, kaskazini mwa nchi, tarehe 16 Juni 1960, hadi risasi za kwanza za Chai, kituo cha Wareno mkoani Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, kana kwamba tukio la kwanza lilizaa la pili usiku mmoja. Kati yake kuna zaidi ya miaka minne, na hoja yangu ni kwamba miaka hiyo ndiyo inayovieleza vita kuliko mauaji yenyewe. Hasira ilikuwapo tangu zamani, na watu walikuwa wameshauawa kabla ya Mueda. Yaliyokosekana yalikuwa mpaka ambao mtu angeuvuka akakuta mwenyeji upande wa pili, chama kimoja cha kuwakusanya waliovuka, na uhakika kwamba Ureno haikuwa tayari kuzungumza na mtu yeyote mweusi, awe mpole au mkali.

Tuanze na pamba, kwa kuwa bila pamba huwezi kuwaelewa watu waliosimama mbele ya boma la Mueda siku ile. Mikoa ya kaskazini, yaani Cabo Delgado na Niassa, ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa hadi mkataba wake ulipokoma mwaka 1929. Kampuni hiyo haikujenga lolote la maana. Iliishi kwa kodi ya kibanda na kwa kuwapeleka watu kazini kwa nguvu. Wamakonde wa uwanda wa juu walitiishwa kwa kuchelewa sana, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na kidogo baada yake. Hii ina maana kwamba mzee wa miaka sitini mwaka 1960 alizaliwa kabla Mreno hajapanda uwandani, na hakuhitaji kusimuliwa na mtu jinsi maisha yalivyokuwa bila kodi wala shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa.

Mwaka 1938 serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, iliunda bodi ya kusimamia pamba, kwa sababu viwanda vya nguo vya Ureno vilitaka malighafi ya bei ya chini. Kampuni ziligawiwa maeneo, na ndani ya eneo lake kampuni peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kununua, tena kwa bei iliyopangwa na serikali. Mkulima alipimiwa shamba, akapewa mbegu, akawekewa mnyapara wa kuangalia kama amepanda kwa wakati, kama amepalilia na kama amechuma. Aliyeonekana mvivu aliitwa bomani, akanyoosha mikono na kupigwa viganjani kwa kibao cha mbao chenye matundu, ambacho Wareno walikiita palmatória. Matundu yale yalikuwa na kazi yake: yaliifanya ngozi ivimbe na kupasuka, na mtu aliyepigwa vile hawezi kushika jembe kwa siku kadhaa, ingawa kosa lake lilikuwa kutolima vya kutosha. Pamba ilidai palizi katika miezi ileile ambayo mtama na mahindi nayo yanadai mkono, na ndiyo maana njaa ilifuatana na pamba katika wilaya nyingi.

Watu hawakukaa kimya, lakini upinzani wao ulikuwa wa chinichini. Wapo wakulima waliochemsha au kukaanga mbegu za pamba kwa siri kabla ya kuzifukia, kisha wakamwonyesha mnyapara shamba tupu na kumwambia kwamba ardhi hii haiipendi pamba. Wengine waliinua kaya nzima usiku na kuvuka mto Ruvuma kwenda Tanganyika. Kusini vijana walikwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, ambako kazi ilikuwa ya hatari lakini mshahara ulionekana. Yote hayo ni manung'uniko, na manung'uniko ya aina hiyo yanaweza kudumu karne nzima bila kuangusha serikali.

Sheria nayo ilihakikisha kwamba hakuna mlango wa kuingilia. Mwafrika alihesabiwa kuwa mzawa asiye raia, isipokuwa athibitishe kwamba anazungumza na kuishi kama Mreno, na ndipo aandikwe kuwa assimilado. Katika sensa ya mwaka 1950, waliokuwa na hadhi hiyo Msumbiji nzima hawakufika 5,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni tano. Mwaka uliofuata, 1951, Lisbon ilibadilisha majina ya makoloni yake yote yakawa majimbo ya ng'ambo. Ureno ilipoingia Umoja wa Mataifa mwaka 1955 ikasema haina koloni hata moja la kutolea taarifa. Nawaomba mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo Ureno ilipojifungia. Uingereza iliweza kuondoka Tanganyika bila kujiona imepungua. Ureno ilikuwa imejiapiza kwamba Msumbiji ni sehemu ya mwili wake, na baada ya kiapo hicho, mtu anayeomba uhuru anakuwa mhaini hata kama ameomba kwa barua na kofia mkononi.

Na kweli waliomba kwa barua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajumbe wa Wamakonde waliokuwa wakiishi Tanganyika walifika kwa mkuu wa wilaya ya Mueda zaidi ya mara moja, wakitaka watu wao waruhusiwe kurudi nyumbani na kuishi kwa uhuru. Mwezi Juni 1960 walikuja Faustino Vanomba na Kibirite Diwane, wakaambiwa wasubiri, na gavana wa Cabo Delgado mwenyewe akafika tarehe 16. Umati ulikusanyika kwa kuwa ulialikwa, na hili ni jambo la kulikumbuka. Kwa mujibu wa simulizi ya Alberto Chipande, aliyesema alikuwapo akiwa kijana, gavana alizungumza na wazee ndani, kisha akatoka nje akawaeleza watu habari za maendeleo na bei ya mazao. Wajumbe wawili walipofungwa mikono ili wapakiwe garini, watu walisogea kuzuia, na hapo askari wakafyatua risasi.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na kwa mtazamo wa haraka yanapingana. Septemba 1961 Lisbon ilifuta sheria ya wazawa, na kilimo cha pamba cha kulazimishwa nacho kikaondolewa rasmi. Wakati huohuo, baada ya Angola kulipuka mapema mwaka huo, askari walimiminwa Msumbiji na polisi wa siri, PIDE, wakaongezewa nguvu. Karatasi ililegezwa na mkono ukakazwa. Kwa mwananchi wa Mueda, kilichoonekana zaidi ni mkono.

Nitaendelea na habari za vyama, lakini kwanza ningependa kusikia maoni.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini umekwepa swali gumu. Ni watu wangapi waliokufa Mueda? Sisi wengine tulisoma shuleni kwamba ni 600, na ndiyo idadi ambayo FRELIMO, chama kilichoongoza vita vya uhuru, imeitaja miaka yote. Wapo wanahistoria waliopitia nyaraka za Kireno na kuwahoji wenyeji, wakasema idadi ilikuwa ndogo mno, pengine makumi. Kama idadi imekuzwa, je, Mueda yote si hadithi iliyotengenezwa baadaye ili kuvipa vita mwanzo wenye machozi?

Mwanzisha uzi

Swali ni halali. Idadi ya 600 ni ya FRELIMO, na ushahidi wake ni simulizi. Nyaraka za Kireno zinataja watu wachache sana, lakini nyaraka hizo ziliandikwa na walewale waliopiga risasi, kwa hiyo hazina haki ya kuaminiwa bila kuhojiwa. Tafiti za baadaye zimeegemea kwenye idadi ndogo kuliko ile ya chama, na mimi naona hoja zake zina uzito.

Hata hivyo, sikubali kwamba kupungua kwa idadi kunaifanya Mueda kuwa hadithi ya kutungwa. Tazama kilichofuata: watu walivuka Ruvuma kwa wingi, na waliovuka walikuwa na kitu kimoja cha kusimulia. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Lindi habari ilienea kwamba wazee walikwenda kuzungumza na serikali wakapigwa risasi. Kwa mtu aliyekuwa bado akiamini kuomba, habari hiyo ilitosha, hata kama ingekuwa na maiti kumi. Kwa hiyo swali la idadi lina umuhimu wake katika kutenda haki kwa marehemu, lakini halibadilishi sana maelezo ya namna vita vilivyokuja.

Nakubaliana nawe katika jambo moja: baada ya uhuru serikali iliigeuza tarehe hiyo kuwa nguzo ya taifa. Sarafu ya metikali ilizinduliwa tarehe 16 Juni 1980, miaka 20 kamili baada ya tukio. Serikali haichagui siku ya kuzindua fedha kwa bahati.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongezee upande wa Tanganyika, kwa sababu mara nyingi husahauliwa hata na sisi Watanzania.

Wamakonde wa Msumbiji walikuwa wamezoea kuja kukata mkonge muda mrefu kabla ya siasa. Walikuja na vyama vyao vya kusaidiana, vya kuzikana na kuchangiana nauli ya kurudi kwao. Vyama hivyo havikuwa na ilani wala bendera. Lakini wanachama wake waliishi katikati ya mikutano ya TANU, wakaona mtu anasimama hadharani, anadai serikali iondoke, na jioni analala nyumbani kwake. Mtu aliyetoka kwenye nchi ya PIDE anapoliona jambo kama hilo, hawezi tena kuwa yuleyule. Vyama hivyo, pamoja na vile vya Wamakonde waliokuwa Kenya, ndivyo vilivyoungana mwaka 1961 vikawa MANU, na hata jina lenyewe linaonyesha lilikoigwa, kwani lilikaa jirani na TANU na KANU.

Kulikuwa na vingine viwili. UDENAMO ilianzishwa mwaka 1960 huko Bulawayo, Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), na Wamsumbiji waliokwenda kutafuta kazi, wengi wao watu wa kusini na katikati. UNAMI ilitokana na watu wa Tete waliokuwa Nyasaland (Malawi ya leo). Vyama vyote vitatu vilizaliwa nje ya Msumbiji, na kila kimoja kilikaa katika nchi ambayo watu wa sehemu fulani ya Msumbiji walikuwa wameizoea kwa kazi. Ramani ya vyama vya siasa ilifuata ramani ya vibarua.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vyote vilikuwa vimeanza kuhamia Dar es Salaam, na mashindano kati yao yalikuwa makali.

Mwanzisha uzi

Shukrani kubwa, umenipunguzia kazi, na sentensi yako kuhusu ramani ya vibarua ningetamani ningeiandika mimi.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo vitatu viliungana Dar es Salaam, na FRELIMO ikazaliwa. Muungano ulikuwa na shinikizo la wenyeji, kwa sababu Mwalimu Nyerere hakutaka kulea vyama vitatu vinavyorushiana maneno. Kiongozi alikuwa Eduardo Mondlane, mzaliwa wa Gaza, kusini kabisa, ambaye hakuwa wa MANU wala UDENAMO wala UNAMI. Alikuwa amesoma Afrika Kusini hadi akafukuzwa baada ya utawala wa ubaguzi kushika madaraka, akapita Lisbon, akafika Marekani na kupata shahada ya uzamivu, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1961 aliitembelea Msumbiji akiwa na kinga ya Umoja wa Mataifa, na watu walimiminika kumwona. Mtu wa namna hiyo, kama palikuwa na Mreno wa kuzungumza naye, ndiye angefaa kuzungumza. Wareno walimpa nafasi ya kazi katika mfumo wao, naye akaikataa.

Muungano wenyewe ulianza kupasuka kabla wino haujakauka. Baadhi ya viongozi wa awali, akiwamo Adelino Gwambe wa UDENAMO na Matthew Mmole wa MANU, walifukuzwa au kujitoa katika kipindi kifupi na kujaribu kufufua vyama vyao. Sitaki kulipamba hilo. Lakini walichobaki nacho akina Mondlane ndicho kilichohesabika: ofisi Dar es Salaam, kibali cha serikali mwenyeji, na baada ya mwaka 1963 msaada wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambayo nayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Kundi la kwanza la vijana lilipelekwa Algeria mwaka 1963, nchi iliyokuwa imetoka vitani na Ufaransa mwaka mmoja nyuma. Baadaye mafunzo yalihamia Tanganyika, kwanza Bagamoyo, halafu Kongwa mwaka 1964, na hatimaye Nachingwea. Wanaokumbuka mradi wa karanga wa Waingereza watatambua kwamba Kongwa na Nachingwea zote zilikuwa maeneo ya mradi huo ulioshindikana. Barabara na majengo ambayo karanga hazikuyalipia yaliwafaa wapigania uhuru.

Vita vilipotangazwa, walikuwapo wapiganaji wapatao 250 tu waliokwisha kufundishwa. Idadi hiyo dhidi ya jeshi la nchi mwanachama wa NATO ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha, na ndiyo sababu hawakuanza kwa kuteka mji. Kikosi cha Chipande, yuleyule kijana wa Mueda, kiliingia Cabo Delgado kutoka Tanzania, kikatembea usiku kwa usiku, na tarehe 25 Septemba 1964 kikashambulia kituo cha utawala cha Chai. Siku hiyohiyo Kamati Kuu ya FRELIMO ikatangaza mapambano ya silaha.

Kuna jambo moja lisilopendeza ambalo masimulizi rasmi huliruka. Mwezi Agosti, wiki chache kabla ya Chai, padri mmoja Mholanzi aliuawa karibu na misheni ya Nangololo na kikundi kilichojitenga na FRELIMO. Wareno walianza msako, na wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakijipenyeza wakajikuta katika eneo lililokwisha kuamshwa. Kuna waliokuwa tayari kuanza vita kwa kumuua mmisheni. FRELIMO ilitaka kupiga dola na askari wake. Tofauti hiyo ilikuja kuleta msuguano mkubwa baadaye, maana ndani yake mlikuwa na swali la adui ni nani.

Mchangiaji wa nne

Nina swali kwa wote wawili. Kama pamba, shokoa na kodi vilikuwapo nchi nzima, kwa nini vita viliwaka kaskazini tu? Watu wa Zambezia na Gaza hawakuumia? Makuli wa bandari ya Lourenço Marques (Maputo ya leo) waligoma mwaka 1956 na tena 1963, na wakapigwa. Kule hapakuwa na hasira?

Mwanzisha uzi

Hasira ilikuwapo tele, na migomo uliyoitaja ni ushahidi. Jibu langu linarudi kwenye mpaka.

Mpango wa mwaka 1964 ulikuwa kuanza katika mikoa minne: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambezia. Tete na Zambezia zilizimika baada ya muda mfupi. Ukiitazama ramani unaona sababu. Njia ya kufika huko ilipita Malawi, na kiongozi wake, Dkt. Banda, aliyekuwa anaitegemea reli na bandari za Msumbiji hakuwa tayari kumuudhi Mreno. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, mwezi mmoja baada ya Chai, na ilihitaji muda kabla ya kuweza kuwa nyuma ya mtu mwingine. Tete ilifunguliwa upya mwaka 1968, kutokea Zambia. Mpiganaji anahitaji risasi, dawa, chumvi na mahali pa kupeleka majeruhi. Bila hivyo, ujasiri wake unamaliza wiki mbili.

Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa jirani alikuwa Afrika Kusini ya makaburu. FRELIMO ilijaribu kujenga mtandao wa siri Lourenço Marques, na mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965 PIDE ikausambaratisha. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwa mshairi José Craveirinha na mchoraji Malangatana. Mji uliokuwa na wasomi wengi kuliko sehemu yoyote ya nchi uliondolewa vitani kwa kazi ya polisi wa siri, na mzigo ukabaki kwa wakulima wa uwanda wa Makonde na wa Niassa. Vijana wa kusini waliotaka kupigana walilazimika kwanza kutoroka kupitia Swaziland, Bechuanaland (Botswana ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia) hadi Dar es Salaam. Samora Machel, muuguzi wa hospitali, alitoroka namna hiyo mwaka 1963.

Mchangiaji wa pili

Basi ni haki tuseme na habari za Lázaro Nkavandame. Huyu ndiye aliyewaongoza wakulima Wamakonde katika ushirika wa pamba mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya FRELIMO. Aliwapatia watu wake nafuu kwa njia halali kabisa, na ushirika ulipopanuka serikali ikaubana. Akawa katibu wa FRELIMO Cabo Delgado. Kisha mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Unaeleza vipi kwamba mtu aliyeanzisha manung'uniko hayo akarudi kwa aliyenung'unikiwa?

Mwanzisha uzi

Naona Nkavandame ndiye mtu anayeeleza kila kitu, na nasikitika kwamba masimulizi ya chama yanamtaja kwa neno moja tu, msaliti, na kuendelea.

Ushirika wake ulikuwa jaribio la mwisho la kuishi ndani ya mfumo. Ulimpa mkulima uwezo wa kulima pamba bila mnyapara na kuuza kwa pamoja. Ulipobanwa, watu waliokuwa wamejifunza kujipanga humo waliingia FRELIMO wakiwa na mtandao tayari, na ndiyo maana Cabo Delgado ilishika moto kwa haraka kiasi kile. Mpiganaji aliyetoka ng'ambo ya mto alimkuta mtu wa ushirika wa kumficha, kumlisha na kumwonyesha njia. Wanawake walibeba masanduku ya risasi kichwani kutoka Ruvuma kwenda ndani, safari ya siku nyingi, na kurudi na korosho na ufuta wa kuuzwa Tanzania.

Lakini Nkavandame alitaka nini? Alitaka Mreno aondoke uwandani, na watu wake wauze mazao yao kwa bei nzuri, huku yeye na wenyeviti wake wakiwa katikati ya biashara hiyo. Katika maeneo yaliyokombolewa, maduka yaliyokuwa chini yake yalilalamikiwa kwamba bei zake zinawaumiza wakulima na kwamba faida inaishia kwa wachache. Wapiganaji vijana, wengi wao waliopita Algeria na Nachingwea, walisema hawakuingia msituni ili kumpa mkulima tajiri mpya. Hapo hapakuwa na mtu aliyemwelewa vibaya mwenzake. Kila upande ulikuwa na vita vyake ndani ya vita vilevile.

Mkutano Mkuu wa Pili, Julai 1968, ulifanyika ndani ya Msumbiji kwenyewe, Matchedje, Niassa, na Nkavandame hakuhudhuria. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka kuingia Cabo Delgado, na lawama zikaelekezwa kwa watu wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Uongozi ukawekwa mikononi mwa watu watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Haukupita mwaka Simango akatolewa, na mwezi Mei 1970 Samora akawa rais wa chama. Simango aliuawa akiwa kizuizini baada ya uhuru, bila kufikishwa mbele ya mahakama ya wazi. Tunapowahukumu Wareno kwa walichokifanya Mueda, na hilo tunalitaja bila kuuma maneno.

Mchangiaji wa nne

La mwisho kutoka kwangu. Je, Ureno ilishindwa msituni, au iliangushwa na mapinduzi ya nyumbani kwake? Nimesikia Wareno wakidai kwamba hawakuwahi kushindwa kijeshi.

Mwanzisha uzi

Kwa maana ya kufukuzwa mji kwa mji, hawakushindwa. FRELIMO haikuteka mji mkubwa hata mmoja. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alikusanya askari wapatao 35,000 akaivamia Cabo Delgado katika operesheni kubwa kuliko zote za vita vile, akachukua kambi kadhaa. Ila kambi aliyoichukua ilikuwa imehamwa. FRELIMO ilihamishia uzito wake Tete, ambako Wareno walikuwa wakijenga bwawa la Cahora Bassa, ikavuka Zambezi, na kufikia mwaka 1972 ikaanza kupigana katika eneo la Manica na Sofala, karibu na barabara na reli ya Beira. Jeshi lililopelekwa kuvimaliza vita liliishia kulinda eneo kubwa zaidi kuliko lile la mwanzo.

Lilivyolilinda tunalijua. Wanavijiji walikusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa ulinzi ili wasiwalishe wapiganaji. Tarehe 16 Desemba 1972 huko Wiriyamu, mkoani Tete, askari waliwaua mamia ya raia, wakiwamo watoto. Mapadri wamisheni waliandika walichokikuta, na Julai 1973 habari hiyo ikachapishwa katika gazeti la The Times la London siku chache kabla ya Waziri Mkuu Marcelo Caetano kuzuru Uingereza.

Kuhusu mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, swali la kujiuliza ni nani waliyafanya. Walikuwa maofisa wa ngazi ya kati waliokwisha kupelekwa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji mara kwa mara bila kuona mwisho. Huwezi kuwatenganisha na msitu, kwa maana uchovu wao waliupata huko. Mkataba ulitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, ukikabidhi madaraka kwa FRELIMO bila uchaguzi wala chama kingine mezani. Siku hiyohiyo walowezi wenye hasira waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques, wakalitangazia jeshi kwamba wanalihitaji liwaunge mkono. Jeshi halikuwaunga mkono, na baada ya siku chache waliondolewa kituoni.